Muhogo wa Jang'ombe

Wako wanaoshikilia kwamba taarabu si utamaduni wetu, kwa kuwa udi, fidla na kanuni zilitoka nje. Hoja hiyo hatuikubali. Tuutazame wimbo "Muhogo wa Jang'ombe", aliouimba Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013. Muhogo wenyewe asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioufikisha Afrika. Leo nani atauita mgeni? Umetiwa nazi, ukaingia hata katika mafumbo yetu.

Hata hivyo, si kila makutano ya tamaduni huwa ya haki. Zama za Sultani Barghash (1870–1888) taarabu ilikuwa burudani ya jumba la kifalme, na lugha yake Kiarabu. Siti binti Saad, muuza vyungu kutoka Fumba, aliiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 sauti yake ikatiwa katika santuri huko Bombay. Ndivyo wanyonge wa Ng'ambo walivyoifanya yao.

Basi tunapohakiki sanaa tusiulize tu ilitoka wapi. Tuulize pia nani aliigeuza, kwa lugha gani, na kwa manufaa ya nani. Apokeaye naye huumba.