Mlango Mdogo Ndani ya Geti

Mwaka 2016 dunia iliifahamu Katwe kwa Queen of Katwe, sinema ya Mira Nair kuhusu Phiona Mutesi, binti mcheza sataranji. Ni sinema nzuri. Hata hivyo, sifa ya mtaa huu wa Makindye, jijini Kampala, ambayo mimi ningeitangaza kwanza ni ya mafundi wake wa kuchomelea, na hasa mageti yao.

Geti la magari la vipande viwili ni rahisi kulisawazisha: kilichoko kushoto kinarudiwa kulia. Matata huanza na mlango mdogo wa waendao kwa miguu, unaokatwa ndani ya kipande kimoja. Fremu yake huongeza mistari upande huo tu, na geti zima huonekana limeinama hata kama limenyooka. Fundi wa haraka huacha hivyo hivyo. Fundi hodari huuchukua mstari wa juu wa ule mlango na kuuvusha hadi mwisho wa kipande cha pili, kisha hupanga maua yake ya chuma juu ya mstari huo. Mlango bado upo, ila sasa jicho linauona kama sehemu ya mpango.

Nafasi kati ya nondo nazo zina hesabu. Zisipogawanywa kabla ya kukata, ile ya mwisho hubaki nyembamba, nawe utaitazama kila siku unaporudi nyumbani. Halafu kuna moto: ukichomelea upande mmoja mfululizo, chuma huvutika na kupinda. Kwa hiyo fundi hushikiza kwanza kwa nukta, huku na huku, akipima kutoka pembe hadi pembe. Vipimo viwili vikilingana, pembe za fremu zimekaa sawa.

Rangi ndiyo inayowaponza wengi. Ncha za mikuki (silaha iliyomo hata katika nembo ya Uganda) zikipakwa dhahabu juu ya geti jeusi, zinatosha. Dhahabu ikishuka hadi kwenye maua, bawaba na kitasa, hakuna tena kinachoonekana. Wateja, nasikitika kusema, ndio wanaoidai.

Basi ukienda Katwe kuagiza, usianze kwa kuomba maua mengi. Mwombe fundi achore geti zima kwa chaki, mlango mdogo ukiwemo. Simama mbali ulitazame, ndipo utoe malipo ya kwanza.