Gurudumu la Nyuma: Kupima Ukarabati wa Baiskeli ya Mizigo

Baiskeli ya mizigo inayosukumwa kati ya Kasongo na Kabambare, nchini Kongo, hubeba mchele, karanga, chumvi na madumu ya mawese, mara nyingi kilo mia moja na zaidi, kwa safari inayozidi kilomita 100. Mwenyewe haipandi. Huisukuma kwa fimbo mbili, moja imefungwa kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti. Uzito mwingi hulalia gurudumu la nyuma, na ndilo linalorudishwa kwa fundi kila mara. Ndilo pia linalosifiwa bila haki. Mtu hulipokea limepakwa rangi ya fedha, hulizungusha, huona haliyumbi, basi humwita fundi bingwa na kulipa. Sifa za namna hiyo zinaharibu kazi: zinamnenepesha fundi mbovu na kumvunja moyo yule anayejua.

Kabla ya gurudumu kuna fremu, nayo haihitaji maneno mengi. Bomba lake ni jembamba, na viwandani huungwa kwa shaba ndani ya viungo. Likichomelewa kwa umeme na mkono wa pupa huungua, kisha ufa mpya hutokea pembeni mwa kovu, pale chuma kilipodhoofishwa na joto. Kazi njema huchomeka kipande cha bomba ndani ya palipokatika, kisha huunganisha kwa gesi na shaba. Kovu nene linalong'aa ni dalili ya haraka. Na fremu isipakwe rangi siku ileile ilipochomelewa. Mwenye mali ana haki ya kuuona mshono ukiwa mtupu.

Sasa spoku, na hapa ndipo mgeni wa kazi hupotea. Ringi iliyopinda inaweza kunyooshwa kwa kukaza baadhi ya spoku kupita kiasi na kuziacha jirani zake zimelegea. Gurudumu la hivyo huzunguka sawasawa, macho hayaoni kasoro. Lakini likiwa na mzigo, spoku iliyo chini kabisa, kati ya habu (kitovu cha gurudumu) na ardhi, hupoteza sehemu ya mkazo wake katika kila mzunguko. Iliyokazwa vizuri huvumilia. Iliyolegea huachia kabisa, nipuli yake, ile nati ndogo ya ringini, huanza kujifungua yenyewe, na shingo yake pale habuni hukunjwa na kukunjuliwa mpaka ikatike. Ndiyo maana spoku nyingi hukatikia shingoni. Ikikatika ya kwanza, jirani zake hubeba deni lake, nazo hufuata.

Kwa hiyo gurudumu hupimwa kwa sikio. Kila spoku hupigwa kwa ukucha, kwa urefu mmoja kutoka ringini, nje ya pale zinapopishana, na upande mmoja husikilizwa mpaka uishe kabla ya kuhamia wa pili. Spoku za upande mmoja zitoe sauti moja. Upande wa friwili, yaani wa mnyororo, unaweza kuwa juu kidogo, kwa kuwa ringi ikivutwa upande huo ili ikae katikati ya fremu, spoku zake hukazwa zaidi. Sauti mbili, basi. Ikisikika ya tatu, nzito na butu, gurudumu hilo halijaisha, hata ringi iwe imenyooka namna gani. Gurudumu la nyuma la mtindo wa zamani wa Kiingereza lina spoku 40. Zote hupigwa, hata moja isirukwe kwa kuona haya mbele ya fundi.

Mafundi wazuri wa zamani walikuwa na tabia moja ambayo vijana wengi wa sokoni wameiacha. Wakimaliza kukaza, walizishika spoku mbilimbili na kuzibana kwa kiganja mpaka zikalia, kisha wakazipima upya, wakarudia hadi kulia kukoma. Kazi ilichukua nusu ya siku na hakuna aliyelalamika. Walaghai nao wana njia zao. Mmoja hulegeza breki kwanza, ili mteja asiwe na kitu cha karibu cha kulinganishia kuyumba kwa ringi. Mwingine huchanganya spoku nene na nyembamba na kuzifunika kwa rangi. Sauti zikichanganyika, yeye husema ni kawaida.

Garanti ya fundi wa sokoni ni neno la mdomo, kwa hiyo itajwe mbele ya mtu wa tatu kabla pesa haijatoka: inahusu spoku zipi, na mpaka safari gani. Spoku zilizotolewa zirudishwe kwa mwenyewe, zihesabiwe. Gurudumu lijaribiwe na gunia juu ya keria, kwenye mpando, kabla ya kutoka mjini. Fundi anayejua humwomba mteja arudi baada ya safari ya kwanza ili gurudumu likazwe tena, maana spoku mpya hujiweka zinapobebeshwa. Anayesema hakuna haja ya kurudi hajui kazi yake.

Spoku ikikatika njiani, fundi wa kijijini abadilishe hiyo moja tu na asiguse nyingine, la sivyo fundi wa kwanza atasema mkono mwingine umeingilia. Kipande kilichokatika kitunzwe na shahidi akumbukwe. Sheria ya Kongo nayo ipo: dikrii ya 30 Julai 1888 inayafanya makubaliano halali kuwa sheria kwa waliokubaliana, na inamwajibisha muuzaji kwa kasoro zilizofichika katika kitu alichouza, mradi mnunuzi adai kwa muda mfupi. Anayekaa na gurudumu bovu msimu mzima anajidhoofishia dai lake.

Garanti ikidaiwa kwa haki, mteja asilipe spoku wala kazi. Fundi akishindwa mara ya pili kwenye gurudumu lilelile, lipelekwe kwa mwingine, na huyo wa kwanza asisifiwe tena sokoni.