Je, Free Fire Inakimbiwa na Wachezaji Wake?

Miongoni mwa vijana wa rika langu hapa Kaberebere, na kwa wale tuliokua nao kule Nakivale, imekuwa kama habari iliyokwisha kuthibitishwa kwamba Free Fire imekufa. Anayesema hivyo kwa kawaida ana miaka ishirini au zaidi, na ushahidi wake ni mmoja: akifungua mchezo usiku, majina ya marafiki zake yote yamezimika. Hakuna aliye mtandaoni. Basi anafunga simu na kutangaza msiba. Katika insha hii nataka kuupima msiba huo, maana maiti bado sijaonyeshwa.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo wenyewe, nitasema kwa ufupi. Free Fire ilitolewa mwaka 2017 na Garena, kampuni ya Singapore. Watu 50 wanashuka kisiwani kwa miavuli, mikono mitupu, wanaokota silaha majumbani, na eneo salama linazidi kupungua mpaka abaki mtu mmoja au kikosi kimoja. Mechi huisha kwa dakika kama 10. PUBG, iliyokuja mwaka huohuo, huweka watu 100 na huweza kuchukua nusu saa, tena kwa simu yenye nguvu. Wanaojua michezo huidharau Free Fire kwa sababu ya sura zake za katuni na nyasi zake zinazofanana na zulia. Mimi naona ufupi na wepesi huo ndio uhodari wake. Ni mchezo uliotengenezwa kana kwamba mtengenezaji alimfikiria mtu mwenye simu ya mkononi mara ya pili, betri ya asilimia 20 na mega za kuhesabu, kama tunavyoziita sisi Wakongomani.

Sasa tuje kwenye hesabu ya kampuni, kwa kuwa wanaotangaza kifo hupenda kuitaja. Sea, kampuni mama ya Garena, hutoa taarifa kila robo ya mwaka. Katika robo ya tatu ya mwaka 2021 michezo yake ilikuwa na watumiaji hai milioni 729. Katika robo ya mwisho ya mwaka 2022 walibaki milioni 485.5. Waliotoweka ni wengi kuliko watu wote wa Uganda, Kenya na Tanzania wakiwekwa pamoja. Ukiishia hapo utavaa nguo nyeusi. Lakini robo ya mwisho ya mwaka 2024 hesabu ilikuwa imepanda tena hadi milioni 618, na hao wapenda matanga hawaitaji kamwe.

Hata hivyo si kupanda wala kushuka kunakonisumbua. Kinachonisumbua ni neno lenyewe, mtumiaji. Katika maelezo ya Sea, mtumiaji ni akaunti, si mtu. Na akaunti moja ikicheza michezo miwili ya kampuni hiyo, inahesabiwa mara mbili. Tena hiyo ni hesabu ya michezo yote ya Garena, ingawa Free Fire ndiyo mkubwa wao. Na ili akaunti iitwe hai inatosha iguse mchezo mara moja katika miezi mitatu. Mtu aliyefungua Free Fire kwa bahati mbaya akitafuta kikokotoo yumo humo.

Tazama lililotokea India. Februari 2022 serikali ya huko ilipiga marufuku programu 54, na Free Fire ikiwemo. Free Fire MAX, toleo la sura nzuri zaidi lililotoka Septemba 2021 na linalotumia akaunti zilezile, halikuguswa. Kijana wa Mumbai alifuta moja akaweka nyingine, akaendelea alipoachia. Anayehesabu Free Fire ya zamani peke yake atakuambia nchi nzima imehama, kumbe wamebadilisha mlango. PUBG ya kompyuta nayo ilifikisha watu zaidi ya milioni 3.2 kwa wakati mmoja kwenye Steam, Januari 2018, na haijakifikia tena kilele hicho. Kila mwaka inaandikiwa tanzia, na kila mwaka unaikuta bado imo katika michezo inayochezwa sana huko.

Halafu kuna swali la kilele chenyewe. Mwaka 2021 ulikuwa mwaka gani? Uganda ilifunga shule Machi 2020 na haikuzifungua zote mpaka Januari 2022, muda mrefu kuliko karibu nchi yoyote duniani. Karibu miaka miwili watoto wa Nakivale, kama wa Mbarara na wa Kampala, walikuwa nyumbani mchana kutwa. Ukichukua siku hizo kuwa kipimo cha kawaida, kila mtoto aliyerudi darasani utamwita mchezaji aliyepotea. Kwangu mimi huyo amepatikana. Nawahofia zaidi wale ambao hawakurudi darasani na hawakurudi mchezoni pia.

Turudi kambini, ambako akaunti na mtu ni vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Katika nyumba nyingi simu yenye uwezo ni moja. Kaka anacheza usiku, mdogo wake anacheza mchana, binamu aliyekuja kutoka Rubondo anapewa mechi mbili kwa heshima ya ugeni. Kwa Garena huyo ni mtu mmoja asiyelala. Upande mwingine kuna kijana mmoja aliyeingia kama mgeni bila kuisajili akaunti yake. Simu ikiibiwa, akaunti imekwenda nayo, naye anaanza upya kwenye simu nyingine. Kwa miaka mitatu huyo amekuwa watu wanne. Na wale wanaopima mchezo kwa idadi ya waliopakua hawajaona jinsi unavyosafiri huku: mmoja anapakua Mbarara penye mtandao mzuri, halafu unarushwa kutoka simu hadi simu kwa Xender, bila mega hata moja kutumika na bila duka la programu kujua.

Uganda ilituongezea fumbo lake. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku tano hivi. Iliporudi, Facebook haikurudi nayo. Sasa, wachezaji wengi wa Free Fire walikuwa wameifunga akaunti yao kwenye Facebook, kwa hiyo anayetaka kuingia kwenye simu mpya ilibidi apitie VPN, na VPN hula mega na kuchelewesha risasi. Wenye subira waliivumilia. Wengine walifungua akaunti mpya kwa Google na kuacha ya zamani na mavazi yake yote. Katika daftari la kampuni mmoja alikufa na mwingine akazaliwa, siku hiyohiyo, kwenye kitanda kilekile.

Na mega hazianguki kutoka mbinguni. Aprili 2020 WFP ilipunguza mgao wa wakimbizi wa Uganda kwa asilimia 30. Aliyekuwa akipokea fedha taslimu alishuka kutoka shilingi 31,000 kwa mwezi hadi 22,000. Julai 2021 serikali ikaweka ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Julai 2023 mgao ukaanza kutolewa kwa makundi, kila familia kulingana na hali yake ilivyopimwa. Mama akichagua kati ya mafuta ya kula na bando, hakuna mtoto atakayesema mchezo haukumpendeza. Amezimwa tu, kama taa ya sola siku ya mawingu, na jua likitoka atawaka.

Pamoja na hayo yote sitaki kuwacheka wenzangu wanaolia. Kipo walichopoteza, ila wamekipa jina lisilo lake. Free Fire ukiicheza peke yako ni mchezo wa wastani. Nitasema wazi: bunduki zake hazina uzito mkononi, na rangi za silaha zinazonunuliwa kwa almasi humpa mwenye fedha faida ambayo fundi maskini hawezi kuifuta kwa ustadi. Unapendeza ukiwa wanne. Mmoja anakimbilia nyumba yenye ghorofa, mwingine anaangusha ukuta wa barafu mbele ya aliyejeruhiwa, wa tatu anapiga kelele za uongo ili adui wageuke, na wa nne analalamika kwamba hakuachiwa dawa. Sauti hizo ndizo mchezo.

Kikosi chetu kilikuwa cha wanne. Mmoja familia yake ilipata safari. Kambini neno hilo lina maana moja tu, wako Kanada. Bado ana akaunti na bado anacheza. Lakini kwetu ikiwa saa mbili usiku, kwake ni mchana na yuko darasani, na siku tunapokutana, risasi zake huvuka bahari na kumkuta adui ameshaondoka. Wa pili anaendesha bodaboda hapa Kaberebere, simu yake sasa ni ya kupokea wateja. Wa tatu nitamwelezea hivi punde. Wa nne ni mimi, na mega zangu zinakwenda kwenye masomo, isipokuwa Jumamosi. Ukituhesabu kwa kanuni ya kampuni, akaunti tatu kati ya nne bado ziko hai. Hasara ya robo moja, basi. Kikosi chenyewe hakipo.

Huyo wa tatu hakuacha kucheza. Alihamia mchezo wa kindege: unaweka dau, kindege kinapaa, fedha zinaongezeka kadiri kinavyopanda, na ni lazima ubonyeze kabla hakijatoweka. Shilingi 1,000 aliyokuwa akinunulia bando ya usiku sasa ndiyo dau lake. Hapo hahitaji mwenzake wa kumwinua akianguka, wala hakuna anayemwita kwa jina. Mwaka jana kindege kiliruka na fedha ya sare ya mdogo wake. Wazee wetu waliotugombeza kwa ajili ya Free Fire, wakisema inatufundisha kuua, huyu hawamgombezi, maana hukaa kimya pembeni na haonekani kama mtu anayecheza. Ningependa anayesema Free Fire inapoteza wachezaji aanze kwa kuuliza wanaoondoka wanakwenda wapi. Wengine wamekwenda eFootball, na huko sina neno. Wengine wamekwenda kwa kindege.

Nani basi amebaki? Watoto. Pale Base Camp kwenye vibanda vya kuchajia simu utawakuta wavulana wa miaka kumi na moja, kumi na miwili, wamebanana kwenye benchi moja ili simu zisiachane na waya. (Wasichana wapo pia, wengi hutumia majina ya kiume ili wasisumbuliwe.) Mmoja Msomali, mmoja Mrundi, wawili Wakongomani. Nyumbani kila mmoja ana lugha yake na shuleni wanafundishwa kwa Kiingereza, lakini lugha ya kikosi ni Kiswahili, tena Kiswahili ambacho mwalimu wetu angekijaza wino mwekundu: "Adui iko nyuma ya nyumba! Niinue, niinue!" Yule Msomali alikuja miaka miwili iliyopita bila neno hata moja. Kiswahili chake chote ni cha vita na cha kuomba dawa, lakini ni fasaha, na hujibu haraka kuliko wanafunzi wengi ninaokaa nao Mbarara.

Hawa hawamo katika orodha ya marafiki wa mtu yeyote wa rika langu, ndiyo maana tukifungua simu tunaona giza. Isipokuwa jina moja. Yule wa bodaboda alimwachia mdogo wake akaunti pamoja na neno la siri, na siku nyingine, saa kumi jioni, jina lake linawaka kijani kwenye simu yangu. Nikimwalika hukubali mara moja. Kisha naisikia sauti ya mtoto ikiniuliza, "Kaka, una dawa?"