Mkao wa Paneli za Sola Chini ya Jua la Utosini

Paneli ya sola huzalisha umeme kwa kadiri ya mwanga unaoifikia, na mwanga huo huwa mwingi zaidi pale jua linapoielekea paneli uso kwa uso. Jua likiipiga kwa mshazari, miale ileile hutandazwa juu ya eneo kubwa zaidi, na kila seli, yaani kila kipande cha silikoni kinachogeuza mwanga kuwa umeme, hupata pungufu ya ilichostahili. Sehemu ya mwanga inayobaki hupimwa kwa kosaini ya pembe iliyopo kati ya mwale wa jua na mstari uliosimama wima juu ya uso wa paneli. Pembe hiyo ikiwa nyuzi 10, hasara haifiki asilimia 2. Ikiwa nyuzi 30, hasara hukaribia asilimia 13 na nusu. Na ikifika nyuzi 60, nusu nzima ya mwanga huwa imepotea. Kwa maneno mengine, paneli husamehe makosa madogo ya fundi na kuyaadhibu vikali yale makubwa, na kazi ya mhandisi ni kubaini kosa lipi ni kubwa mahali alipo.

Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa kwa ajili ya nchi zilizo mbali na ikweta, na ushauri wake wa kuinamisha paneli nyuzi 30 au zaidi kuelekea kusini ni sahihi kabisa huko ulikotoka. Mjini Berlin, mchana wa mwishoni mwa Desemba, jua hupanda nyuzi 14 tu juu ya upeo wa macho, hivyo paneli iliyolazwa chali hupokea chini ya robo ya mwanga wa moja kwa moja ambao ingeupata kama ingeinuliwa kulikabili jua. Tatizo la huko ni la mwaka: kiangazi na kipupwe vinatofautiana mno, na mwinamo wa paneli ndio unaoyapatanisha majira hayo mawili. Ushauri huo ukichukuliwa ulivyo na kuletwa Kigali, Kampala au Mombasa, unatibu ugonjwa ambao mgonjwa hana.

Ili kuona sababu yake, ni lazima kuanza na deklinesheni, yaani pembe inayoonyesha jua limesogea kiasi gani kaskazini au kusini mwa ikweta katika siku fulani. Pembe hiyo hufikia nyuzi 23.45 kaskazini kwenye tarehe 21 Juni, hurudi na kuvuka ikweta mwezi Septemba, kisha hufikia nyuzi 23.45 kusini mwishoni mwa Desemba, na mtafiti Cooper aliiwekea mwaka 1969 fomula fupi inayohitaji namba ya siku katika mwaka peke yake, fomula ambayo wanafunzi wa uhandisi wanaitumia hadi leo. Kwa mji ulio nyuzi 2 hivi kusini mwa ikweta, kama Rwamagana nchini Rwanda, maana yake ni kwamba jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, na hata linapokuwa mbali kabisa, mwezi Juni, saa 6 mchana huwa limeuacha utosi kwa nyuzi 25 na nusu tu. Paneli iliyolazwa chali siku hiyo, saa hiyo, hupoteza takriban sehemu moja ya kumi. Lakini paneli hiyohiyo, saa 2 asubuhi ya siku yoyote ya Machi au Septemba, hupokea nusu tu ya mwanga wa moja kwa moja, kwa kuwa jua bado liko nyuzi 30 juu ya upeo wa macho upande wa mashariki, na saa 10 jioni hali hiyo hujirudia upande wa magharibi. Katika ukanda wa ikweta, basi, kinachomtesa mhandisi ni siku, wala si mwaka: hasara kubwa inatokana na safari ya jua kutoka mawio hadi machweo, ilhali kuhama kwake kati ya kaskazini na kusini ni jambo dogo.

Mtambo wa sola wa Rwamagana ni mfano mzuri wa hesabu hiyo ilivyogeuzwa kuwa chuma na kioo. Ulijengwa mwaka 2014 katika ardhi ya kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom, kilichoanzishwa kuwalea vijana yatima wa Rwanda, baada ya kampuni ya Gigawatt Global kutia saini mwaka 2013 mkataba wa miaka 25 wa kuiuzia serikali umeme, na kampuni ya Scatec Solar ya Norway ndiyo iliyoujenga. Uwezo wake ni megawati 8.5 kutoka kwenye paneli 28,360, yaani kila paneli ina wastani wa wati 300, na ulipounganishwa na gridi ya taifa uliongeza uwezo wa nchi wa kuzalisha umeme kwa takriban asilimia 6. Ukitazamwa kutoka angani, uwanja wa paneli umepangwa kwa umbo la bara la Afrika, na picha za umbo hilo zimesambaa sana. Hata hivyo, kilicho bora zaidi katika mtambo huo ni namna paneli zake zinavyogeuka.

Paneli za Rwamagana hazikufungwa mahali pamoja. Kila safu imebebwa na bomba la chuma lililolazwa sambamba na ardhi kutoka kaskazini kwenda kusini, na bomba hilo, ambalo ndilo mhimili wa safu, huzungushwa polepole na mota inayoongozwa na kompyuta ili paneli zitazame mashariki asubuhi, zilale chali mchana na kuelekea magharibi jioni. Mbali na ikweta, mhimili wa namna hii hulazimika kukubali hasara kubwa wakati wa kipupwe, kwa sababu hauwezi kuziinua paneli kulikabili jua lililokaa chini upande wa kusini, na huko baadhi ya wajenzi huuinamisha mhimili wenyewe au huongeza wa pili, gharama na matengenezo yakapanda. Rwamagana hapakuwa na haja hiyo. Mhimili mmoja uliolazwa unatibu karibu tatizo lote, kwa kuwa sehemu inayobaki bila kutibiwa ni ileile sehemu moja ya kumi ya mchana wa Juni.

Faida iliyotajwa kwa mtambo huo ni ongezeko la asilimia 20 hivi kuliko paneli zisizogeuka, na namba hiyo inastahili kuchambuliwa. Jiometri peke yake inaahidi makubwa zaidi: kwenye ikweta, siku ambayo usiku na mchana vinalingana, paneli inayolifuata jua ingepata asilimia 57 zaidi ya iliyolazwa chali, kama hewa isingekuwapo. Hewa ipo. Jua likiwa nyuzi 30 juu ya upeo wa macho, mwanga wake hupita katika unene wa hewa ulio mara mbili ya ule wa utosini, na likiwa nyuzi 10 hupita katika unene unaozidi mara tano, ndiyo maana mtu huweza kulitazama jua la machweo bila kufumba macho. Kinachookolewa na mhimili asubuhi na jioni, kwa hiyo, ni mwanga uliokwisha kudhoofika. Kuna pia mwanga mtawanyiko, yaani ule unaofika kutoka kila upande wa anga baada ya kugonga mawingu, mvuke na vumbi. Watafiti Liu na Jordan, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1960, walionyesha jinsi ya kuutenganisha mwanga huu na ule wa moja kwa moja, na tangu hapo hakuna hesabu ya maana ya mkao wa paneli inayofanywa bila utengano huo. Siku ambayo wingu limetanda kote, anga zima ndilo taa, na paneli iliyolazwa chali hupata zaidi ya iliyogeuzwa upande, kwa kuwa inaliona anga lote. Katika nchi yenye misimu miwili ya mvua kama Rwanda, siku za aina hiyo si chache.

Jambo la tatu linaonekana asubuhi kabla ya saa 2, na huwashangaza wanaolishuhudia kwa mara ya kwanza. Mtu angetarajia kukuta paneli za aina hii zimesimama kulitazama jua linalochomoza, lakini katika mitambo iliyosanifiwa vizuri jua linapochungulia paneli huwa zimelala chali kama mikeka, kisha huanza kuinamia mashariki kadiri jua linavyopanda, kinyume kabisa na linavyokwenda jua lenyewe. Sababu ni kivuli. Paneli zikisimama mapema mno, safu ya mbele huitia kivuli ya nyuma. Nafasi kati ya mhimili na mhimili ikiwa mara mbili ya upana wa paneli, kivuli hicho huanza kugusa safu ya nyuma jua linaposhuka chini ya nyuzi 30, hivyo kompyuta huzilaza paneli kidogo kidogo kwa pembe ile tu inayoondoa kivuli. Mhandisi hukubali kupoteza kosaini ili asipoteze zaidi kwa kivuli.

Wazo la mhimili wa kaskazini hadi kusini ni la zamani kuliko paneli zenyewe. Mmarekani Frank Shuman aliutumia mwaka 1913 huko Maadi, karibu na Cairo, ambako alijenga vioo vitano virefu vyenye umbo la hori, kila kimoja mita 62, vikageuzwa kulifuata jua ili kuchemsha maji, na mvuke wake ukaendesha pampu ya kuvuta maji ya Mto Nile. Yeye pia aliacha nafasi kati ya hori na hori ili zisitiane kivuli.

Tangu mtambo wa Rwamagana ujengwe bei ya paneli imeshuka sana, na kwa paa la nyumba, duka au zahanati hesabu inaelekea kwingine: kununua paneli moja ya ziada ni rahisi kuliko kununua na kutunza mota. Hapo swali linakuwa namna ya kutumia paa lililopo, na ikweta ina ukarimu ambao mafundi wengi hawajaambiwa. Paa lenye migongo miwili, mmoja ukitazama mashariki na mwingine magharibi, huonekana halifai kwa kuwa halitazami kaskazini wala kusini. Hesabu inakataa. Paneli zikigawanywa sawasawa pande zote mbili kwenye mwinamo wa nyuzi 15, jumla ya mwanga wa moja kwa moja zinaoupata ni sawa na ule wa paneli zilizolazwa chali ukizidishwa kwa kosaini ya nyuzi 15, yaani hasara ya asilimia 3 na nusu tu, na uwiano huo haubadiliki kwa muda wote ambao jua linaziona pande zote mbili. Sharti ni moja: paneli za pande mbili zisiunganishwe mfululizo katika mnyororo mmoja, kwa sababu mkondo wa mnyororo hufuata paneli dhaifu kuliko zote, na asubuhi upande wa magharibi ungeuburuta wa mashariki.

Katika pwani ya Tanzania na Kenya, ambako kuinama kidogo kuelekea kaskazini kuna faida, fundi ana alama isiyohitaji dira. Jijini Dar es Salaam jua huwa upande wa kaskazini tangu mwanzoni mwa Machi hadi wiki ya pili ya Oktoba, na mwinamo wa nyuzi 10 kuelekea huko unatosha kabisa. Mombasa na Makka ziko karibu katika longitudo moja, ya kwanza kwenye nyuzi 39.7 mashariki na ya pili kwenye nyuzi 39.8, hivyo kibla cha msikiti wa Mombasa ni kaskazini halisi, na Unguja na Dar es Salaam haziko mbali na mstari huo. Paneli ya pwani iliyoinamia kibla imekaa inavyotakiwa.

Nyuzi hizo 10 hazitafutwi kwa ajili ya jua peke yake. Paneli iliyolazwa chali kabisa haisafishwi na mvua; maji husimama kwenye ukingo wa fremu, na yakikauka huacha utepe wa tope juu ya safu ya mwisho ya seli. Utepe huo mwembamba una madhara makubwa kuliko upana wake. Seli za paneli ya kawaida zimeunganishwa mfululizo na kugawanywa katika makundi matatu, kila kundi likiwa na diodi inayoupitisha mkondo pembeni pale seli zake zinapofunikwa. Makundi hayo hukaa kufuata urefu wa paneli. Paneli ikifungwa kwa kusimama, utepe wa chini hugusa makundi yote matatu kwa mpigo. Ikifungwa kwa kulala ubavu, hugusa moja, na mawili huendelea kufanya kazi. Fundi anayejua hilo huokoa umeme bila kununua chochote.

Joto nalo lina uzito wake. Uwezo ulioandikwa nyuma ya paneli hupimwa seli zikiwa kwenye nyuzijoto 25 za Selsiasi, na kila nyuzijoto inayozidi hapo huondoa takriban asilimia 0.4. Paneli iliyobanwa juu ya bati bila nafasi ya hewa, seli zake zikifika nyuzijoto 65, hupoteza asilimia 16, ambayo ni zaidi ya hasara ya kukosea mwelekeo kwa nyuzi 30. Inasikitisha kuona wateja wakibishana juu ya mwelekeo wakati paneli zao zinaokwa kwa kukosa sentimita 10 za hewa chini yake.

Upo mkao mmoja ambao majedwali ya jumla ya mwaka huuhesabu kuwa duni, nao unafaa kufikiriwa upya na wakulima wa nyanda za juu, ambako mawingu hujikusanya alasiri. Pampu ya umwagiliaji isiyo na betri haivuti maji mpaka nguvu ifike kiwango cha kuizungusha. Paneli zote zikiinamishwa nyuzi 30 kuelekea mashariki, saa 2 asubuhi ya siku ya Machi hupata asilimia 87 ya mwanga wa moja kwa moja badala ya 50, na saa 1 hupata 71 badala ya 26. Mchana hupoteza asilimia 13, na alasiri zaidi ya hapo, lakini kufikia saa hizo maji yamekwisha kuingia shambani wakati udongo ungali baridi.