Fimbo Moja, Treni Moja

Ajali haina kinga, husema Waswahili, na mara nyingi husema hivyo wakiwa matangani. Ni maneno ya kufariji, na mfiwa ana haki ya kufarijiwa. Lakini upo ufundi uliokomaa kwa kuukataa msemo huo: ufundi wa washika ishara za reli, kama ulivyofanywa nchini Ireland katika vibanda vilivyosimama kando ya njia za treni za mvuke. Dereva wa garimoshi hupungiwa mikono na watoto njia nzima. Aliyemfungulia njia hapungiwi na mtu, na hiyo ni sababu tosha ya kumsifu.

Ufundi huu una tarehe yake ya msiba: 12 Juni 1889, mjini Armagh, kaskazini mwa Ireland. Siku hiyo Wamethodisti walikodi treni ya matembezi iwapeleke watoto wa shule ya Jumapili pwani, Warrenpoint. Abiria walizidi matarajio, mabehewa yakaongezwa hadi 15, na kichwa kimoja cha treni kikaachiwa mzigo wote mlimani. Karibu na kilele kikaishiwa nguvu. Wafanyakazi wakaamua kuikata treni: sehemu ya mbele ipande kwanza, mabehewa kumi ya nyuma yangoje, yakizuiliwa na breki ya mkono ya gadi na mawe yaliyowekwa chini ya magurudumu. Breki ya treni yenyewe ilifanya kazi mabehewa yakiwa yameungana na kichwa tu. Sehemu ya mbele ilipojongea nyuma kidogo, mawe yakasagika, na mabehewa yale kumi yakaanza kuteremka yakiwa na watu ndani. Chini yao treni nyingine ilikuwa inapanda. Nayo haikuvunja kanuni yoyote: dakika 20 zilikuwa zimepita, na kanuni ya njia ile ilikuwa kuhesabu dakika na kuamini kwamba aliyetangulia amekwenda zake. Watu wapatao 80 walikufa, watoto wengi wakiwamo.

Kabla miezi mitatu haijaisha, Bunge la London, lililoitawala Ireland wakati huo, lilipitisha sheria ya mambo matatu. Breki za treni za abiria zijikaze zenyewe treni ikikatika. Nyenzo za ishara na za swichi za kubadili njia zifungane, moja isiweze kuipinga nyingine. Na treni isiingie katika kipande cha njia mpaka ithibitike kwamba iliyotangulia imetoka, hata saa ikisema nini. Yote matatu yalikuwa yamekwisha kubuniwa. Kilichokosekana kilikuwa amri.

Ingia katika kibanda cha ishara uone amri hiyo ilivyogeuzwa chuma. Nyenzo zimesimama kwa safu, nyekundu za ishara za kusimamisha, njano za ishara za kutahadharisha, nyeusi za swichi, buluu za makufuli ya swichi. Mshika ishara huzishika kwa kitambaa, maana jasho la kiganja huleta kutu. Chini ya sakafu, vyuma vimepangwa hivi kwamba wenzo mmoja ukivutwa huwafungia wenzake. Mtu aliyekesha, saa kumi alfajiri, anaweza kujaribu kuvuta wenzo usio wake, lakini chuma kitagoma. Nje, waya unakwenda mbali juu ya kapi mpaka kwenye mlingoti wenye mkono wa ishara. Mkono ukilala, dereva asimame; ukiinama, apite. Na kwa kuwa mlingotini kuna uzito wa kuurudisha, waya ukikatika mkono hurudi wenyewe kwenye "simama". Aliyeupanga mtambo huo alijiuliza mapema: ukiharibika, uharibikie upande gani?

Lakini kilele cha ufundi huu ni fimbo. Sehemu kubwa ya reli za Ireland ni njia moja, ambamo treni za kwenda na za kurudi hupita juu ya vyuma vilevile. Kwenye njia za namna hiyo, kila stesheni ilikuwa na mashine iliyojaa fimbo za chuma zenye majina ya stesheni mbili za jirani. Hakuna dereva aliyeruhusiwa kuingia kipande cha njia kati ya stesheni hizo bila kukabidhiwa fimbo moja. Mshika ishara anayetaka kupitisha treni humgongea mwenzake kengele ya umeme. Mwenzake hujibu. Kisha hugonga mapigo yanayotaja aina ya treni, na mwenzake huyarudia yaleyale, asije mtu akadhani amesikia. Mwenzake akikubali, hushikilia kitufe chake, umeme unapita, na mashine ya mwombaji inaachia fimbo moja. Kuanzia hapo mashine zote mbili zimefungwa mpaka fimbo ile irudishwe, huku au kule. Ni kama nyumba yenye ufunguo mmoja: aliye nao ndiye mwenye njia, na wengine wote wangoje.

Hapo ndipo ninapouona utu wa ufundi huu. Haumdharau mfanyakazi, wala haumwambii kwamba ni mzembe. Unakubali tu kwamba hata mtu hodari, ambaye mwanawe ana homa nyumbani, siku moja atasahau. Basi kumbukumbu yake isiachiwe peke yake kubeba roho za watu mia tano. Kila jambo zito linahitaji watu wawili: mmoja aombe, mwingine akubali, na chuma kiwe shahidi. Kazi hii ikifanywa vizuri, hakuna kinachotokea. Ndiyo maana wenye kazi hii hawana sanamu mijini.

Treni ambazo ufundi huu uliziongoza zilikuwa za mvuke, na mvuke ulipoondolewa katika reli za Jamhuri ya Ireland mwaka 1963, wapenzi wa reli hawakukaa kimya. Mwaka uliofuata walianzisha chama cha kuhifadhi reli, ambacho makao yake ni Whitehead, kijiji cha pwani ya Antrim, mahali ambapo hapo zamani treni za matembezi zilishusha watu wa Belfast waliokwenda kupunga upepo. Hawakuwa na pa kukimbilia. Reli ya Ireland ina upana wa futi 5 na inchi 3, ilhali ya Uingereza ni futi 4 na inchi 8 na nusu. Kichwa cha Ireland kisipohifadhiwa nyumbani, hakiwezi kwenda kukimbia kwa jirani. Miongoni mwa hazina zao ni namba 171, Slieve Gullion, kilichoundwa mwaka 1913 na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester na kupewa jina la mlima wa wilaya ya Armagh. Msomaji wa Nairobi anaweza kumwona ndugu wa kichwa hicho: kiwanda hichohicho kiliunda miaka ya 1950 vichwa vikubwa vya Garratt vya reli ya Afrika Mashariki, navyo vikapewa majina ya milima. Mount Gelai kipo katika jumba la makumbusho ya reli mjini humo.

Tofauti ni kwamba wenzetu wa Whitehead waliazimia vichwa vyao visibaki makumbusho tu. Moto huwashwa saa nyingi kabla ya safari, ili boila ipashwe joto taratibu isije ikapasuka. Mchochea moto hujifunza kutupa makaa pembeni na katikati kwa kusikiliza jinsi kichwa kinavyopumua, na somo hilo halipatikani kitabuni. Kisha treni huingia katika njia kuu, katikati ya treni za kila siku, ikiwa imejaa watoto madirishani: safari ya aina ileile iliyoua Armagh.

Inafika, na inarudi. Siku hizi njia nyingi zinaongozwa kwa taa na kompyuta, ingawa kati ya Limerick Junction na Waterford fimbo zimeendelea kupokezanwa hadi karne hii. Kompyuta nayo hufuata adabu ileile ya fimbo: uliza, ngoja jibu, usipite kwa kudhani. Kwa hiyo wanaotunza mvuke wasitunze shaba na rangi peke yake. Kichwa kilichosimama kinahitaji paa la kukikinga na mvua. Kinachotembea kinahitaji vijana waliofundishwa kusubiri, na wazee walio tayari kuwafundisha kabla hawajastaafu.