Wasomaji wa Uwanja Mtupu

Mji wa Songo Mnara, katika kisiwa kilicho kusini ya Kilwa Kisiwani, haukudumu sana. Ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14, na mwanzoni mwa karne ya 16 watu wake walikuwa wamekwishahama. Magofu yake yamo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, pamoja na ya Kilwa Kisiwani, tangu 1981. Anayeshuka pale hutazama vilivyosimama: nyumba za mawe ya matumbawe zaidi ya 40, misikiti, makaburi, vipande vya ukuta uliouzunguka mji. Kati ya majengo hayo pana sehemu pana zisizo na jengo. Miaka nenda miaka rudi wataalamu nao walizikatiza tu wakielekea kwenye kuta.

Watafiti walioanza kazi hapo 2009, wakiongozwa na Stephanie Wynne-Jones wa Chuo Kikuu cha York na Jeffrey Fleisher wa Chuo Kikuu cha Rice, walisimama kwenye nafasi hizo. Swali lao angeweza kuliuliza ofisa yeyote wa mipango miji: hapa paliachwa wazi kwa makusudi, au ni mahali ambapo nyumba hazikuwahi kufika? Kuta haziwezi kulijibu. Inabidi uulizwe mchanga.

Kazi huanza kwa kutembea. Ardhi hugawanywa miraba kwa vigingi na kamba, kisha mtu mmoja hubeba magnetomita, chombo cha kupimia usumaku wa udongo, na kuifuata kamba hadi mwisho, akageuka, akarudi kwa mstari wa pili. Kabla ya hapo amejipekua mwenyewe: mkanda wenye bizimu ya chuma umevuliwa, funguo na simu zimeachwa kivulini, viatu vimekaguliwa visiwe na pete za chuma. Mwendo wake ni wa kipimo kimoja. Akikawia hatua mbili au akiharakisha tatu, picha itakayotokea itakuwa imepinda. Jua la Kilwa halimpunguzii kitu, na mistari ni mingi.

Udongo uliowahi kuungua hushika usumaku na kuutunza karne kwa karne. Ndiyo maana upande wa magharibi wa mji, mahali ambapo jicho halikuona ila majani, chombo kilionyesha mabaka. Yalipochimbwa yakatoa mabaki ya nyumba za fito zilizokandikwa udongo. Kumbe mji wa mawe ulikuwa pia mji wa udongo, na sehemu ya ule "utupu" ilikuwa mtaa wa watu.

Kuchimba kwenyewe kunahitaji mkono mwepesi kuliko anavyodhani anayeona picha za majembe na sululu. Mchimbaji hupiga magoti ndani ya mraba wake, akashika mwiko, ule ule wa mwashi ila umenolewa kingo, na kuukwangua mchanga kwa ubapa, akijivutia, huku akirudi nyuma asikanyage alipokwisha kusafisha. Haingizi ncha. Anasikiliza kingo za mwiko: mchanga mtupu una sauti yake, sakafu ya chokaa ina ya kwake, na kigae hukwaruza kabla hakijaonekana. Rangi ikibadilika, hata kwa kiasi ambacho mtu mwingine angesema ni kivuli, anasimama. Tabaka jipya linapewa namba, linapimwa kina, linachorwa. Mchanga uliotoka unachekechwa, na kilichobaki juu ya wavu, iwe shanga, mfupa wa samaki au kipande cha chungu, kinaingia mfukoni na namba ya tabaka lake. Kitu kizuri kisicho na namba ni sawa na barua isiyo na jina wala tarehe.

Kisha huchukuliwa sampuli za udongo, na hapa subira hugeuka kuwa unadhifu. Kijiko hufutwa kabla ya kila sampuli. Mfuko ni mpya. Lebo mbili huandikwa, moja ndani na moja nje, kwa kuwa unyevu wa pwani hauna huruma na wino. Sampuli nyingine huchukuliwa nje kabisa ya makazi, mahali palipo mbali na shughuli za watu, iwe ya kulinganishia. Asiyejua humwona mtu anayekusanya vumbi kwa heshima kubwa mno.

Maabara ndiko vumbi hilo linakosomwa. Kundi moja la sampuli hupimwa kemikali. Fosforasi hutokana na mabaki ya chakula, samaki, kinyesi, miili. Ikishashikamana na udongo huondoka kwa shida sana, hata mvua za mamia ya miaka zipite. Sehemu iliyolundikwa taka husoma juu, sehemu isiyowekewa kitu husoma chini. Lakini fundi mzuri haiamini namba moja. Huiweka kando ya kalisi, chuma na manganizi, kando ya vigae vilivyotoka mraba ule ule, na kando ya ile picha ya usumaku, akangoja zikubaliane au zigombane.

Kundi la pili hutafutiwa fitolithi, chembe za silika zinazojengeka ndani ya mimea na kubaki ardhini mmea ukishaoza. Udongo huwekwa tindikali ili chokaa itoke, ukafua mapovu, ukaoshwa mara kadhaa. Udongo wa mfinyanzi huondolewa, mabaki ya mimea huchomwa. Mwisho hutumika kimiminika kizito ambamo fitolithi huelea na mchanga ukazama. Kinachobaki ni unga kidogo. Unga huo huwekwa chini ya hadubini na mtu huanza kuhesabu: chembe ya nyasi, ya nyasi tena, tufe lenye miiba la jamii ya minazi na mikindu, ya nyasi. Huhesabu mamia kwa kila kioo, na vioo vimepangwa foleni. Federica Sulas, aliyeshughulikia udongo wa Songo Mnara, aliisoma miji kwa kipimo hicho cha chembe, na sijui ustadi mwingine ambamo mji mzima hushikwa kwa vidole viwili.

Namba zikirudishwa kwenye ramani, uwanja unaacha kuwa mtupu. Palikuwa na sehemu za kuishi, sehemu za kazi, na katikati, penye makaburi na msikiti mdogo, palilindwa pasijengwe nyumba. Kando ya makaburi vilipatikana sarafu na vijiwe vya kwatzi, alama za watu waliokuja na kurudi. Fleisher anahoji kwamba nafasi hizo zilipangwa na kutunzwa, si masalio ya ardhi iliyokosa mjenzi.

Mwaka 2010 mwanaakiolojia Michael E. Smith aliuliza hadharani kama data za miji ya kale zinaweza kusaidia matatizo ya miji ya leo, yakiwemo makazi yasiyopangwa. Nadhani zinaweza, ila si kwa kuchota mfano na kuubandika. Dar es Salaam imepata mipango mikuu ya 1949, 1968 na 1979, na bado viwanja vyake vya wazi vinamegwa. Lakini Mnazi Mmoja, jijini humo humo, pia ni uwanja wa wazi, na wakoloni waliuacha hivyo ili utenge Kariakoo ya Waafrika na mitaa ya Wahindi na Wazungu. Kwenye ramani, uwanja wa kutenga watu na uwanja wa kuwakutanisha hupakwa kijani kile kile. Anayetaka kujua tofauti itambidi apige magoti.

Songo Mnara kwenyewe sehemu kubwa haijachimbwa, na hilo ni uamuzi. Mchimbaji huharibu anachokisoma. Tabaka likishakwanguliwa halirudi. Kwa hiyo mashimo hupimwa, huchorwa na kufukiwa, na udongo wa jirani huachwa ulivyo kwa ajili ya watakaokuja na vyombo bora zaidi na maswali ambayo sisi hatujayafikiria.