Mfalme Yupi? Kinjeketile na Vijiti vya Ezekieli

Wengi wetu wa Kilwa na Lindi tuliosoma tamthilia ya Kinjeketile shuleni tulibaki na jibu moja: mganga aliwadanganya watu, maji hayakuzuia risasi. Usomaji huo ni mwepesi mno. Umetunyima swali ambalo Ebrahim Hussein aliliweka katikati ya kitabu chake mwaka 1969.

Kumbukeni mtiririko wake, wapendwa. Makabila hayaaminiani. Kinjeketile anazama mtoni, anatoka siku ya pili na maji, na watu waliokuwa wakigombana wanakuwa kitu kimoja. Kisha yeye mwenyewe anashtuka. Katika yale aliyoyatamka akiwa amepagawa, limo neno kwamba baada ya ushindi watakuwa watoto wa Seyyid Said. Yaani Mjerumani atoke, Sultani wa Unguja arudi! Nabii anaanza kulitilia shaka neno lake, na watu hawataki tena kungoja. Kwangu hii ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote, kuliko hata mwisho wake. Watu wameungana, lakini chini ya nani?

Ezekieli 37 inaanzia hapo hapo. Kijiti cha Yuda na kijiti cha Yusufu vinakuwa kimoja, na juu yao anawekwa mfalme mmoja, Daudi mtumishi wa Bwana, mchungaji mmoja. Tunapenda kuvihubiri vijiti, kisha tunakimbilia Amina. Lakini kabla Daudi hajatajwa kwa jina, aya ya 23 inasema watu watatakaswa sanamu zao. Na ukirudi sura ya 34 utamkuta mchungaji huyu akiwekwa baada ya wachungaji waliojilisha wenyewe na kuwaacha kondoo watawanyike. Yeye anakuja kulisha.

Umoja wa tamthilia hauna utakaso huo. Unashikwa na adui aliye mbele tu. Historia yenyewe ilikuwa chungu. Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro mapema Agosti 1905. Tarehe 14 mwezi huo Askofu Cassian Spiss, mabruda wawili na masista wawili waliuawa upande wa Liwale, na misheni ya Nyangao ikachomwa moto. Wakulima waliolimishwa pamba kwa nguvu hawakutofautisha msalaba na bendera. Kusema kweli, tofauti hiyo haikuwa rahisi kuiona.

Nasi je? Katika mikutano yetu ya umoja, Walutheri, Wakatoliki, Waanglikana na Wapentekoste, nimesikia maneno ya mchungaji mmoja yakitumika kuwaita wengine wajiunge na upande wa msemaji, kana kwamba kijiti cha Yusufu kinapaswa kutiwa mkononi mwa Yuda. Andiko linasema mkono ule ni wa Bwana. Yuda naye ni kijiti.

Hussein anamwacha Kinjeketile mikononi mwa Wajerumani, akikataa kuyakana maji, maana akiyakana watoto wataambiwa kwamba kupigania haki kulikuwa kosa. Namheshimu kwa hilo. Lakini neno la Seyyid Said linabaki pale pale, halijajibiwa. Ningependa vijana wa kipaimara waisome tamthilia hii, Ezekieli 34 ikiwa wazi kando yake.